Popo Awindaye Karibu na Ardhi

Jua likichwa juu ya nchi ya Ufipa, baridi hushuka upesi. Mji wa Sumbawanga uko juu, kadiri ya meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai hata mtu mwenye afya hujifunika blanketi mbili. Wachungaji hurudisha ng'ombe zizini, moto huwashwa jikoni, na kuku hupanda mahali pao pa kulala. Saa hiyo ndipo mnyama mmoja mdogo atokapo shimoni mwake akaanza kazi yake ya usiku. Watu wengi hawajapata kumwona vizuri, wala hawamsikii. Apitapo gizani mbele ya uso wa mtu, mtu huyo huhisi upepo mdogo tu, kama wa jani lililopeperuka. Naye hushtuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mnyama huyo ni popo. Walakini si wale popo wakubwa walao matunda, ambao kila mwaka, tangu Oktoba mpaka Desemba, hukusanyika kwa mamilioni katika msitu wa Kasanka, nchi ya Zambia. Wala si wale wadogo warukao juu jioni, wakipinda huku na huku angani na kukamata mbu. Huyu ni wa namna nyingine. Sehemu kubwa ya chakula chake hutembea juu ya udongo, au hukaa juu ya majani na kuta, naye huruka chini chini, pengine chini ya goti la mtu, akikitafuta.

Watu wa elimu humwita Nycteris thebaica. Jina hilo la pili latokana na Thebes, mji wa kale wa Misri, kwa sababu popo wa kwanza wa namna hii kuandikwa katika vitabu vya elimu alitoka Misri. Aliyemwandika, mwaka 1818, ni Mfaransa aitwaye Étienne Geoffroy Saint-Hilaire. Lakini Misri ni pembe moja tu ya makao yake. Anaonekana Arabuni, na katika nchi nyingi za Afrika zenye nyasi na miti michache, mpaka Afrika ya Kusini. Kiswahili chatumia neno moja, popo, kwa aina zote, nazo ulimwenguni ni zaidi ya 1,400. Basi katika somo hili ataitwa popo wa mfuo, kwa ajili ya alama aliyo nayo usoni.

Mfuo huo ni kitu cha ajabu kidogo. Huanza katika paji la uso, ukashuka mpaka puani, mwembamba na wenye kina, kama kwamba mfinyanzi alipitisha kijiti katika udongo ulio mbichi. Kando zake zimepakana na vipande vya ngozi laini vinavyoufunika nusu. Mtu amwonaye kwa mara ya kwanza hudhani ya kuwa amejeruhiwa. Sivyo, ndivyo alivyoumbwa. Mlio wake hutoka kwa njia ya pua, wala si kwa kinywa kama popo wengi, na ngozi hizo husaidia kuuelekeza mbele.

Uzito wake ni kama gramu 10 tu, sawa na vijiko viwili vya chai vilivyojaa sukari. Mwili wake, bila mkia, hauzidi sana urefu wa kidole kidogo cha mtu mzima. Lakini masikio yake! Kila sikio lina urefu wa sentimita 3 na zaidi, yaani kupita nusu ya mwili wote. Lau mtu angekuwa na masikio ya kadiri hiyo, yangemfika kiunoni. Manyoya yake ni marefu na laini, rangi ya kahawia au kijivujivu mgongoni, meupe zaidi tumboni. Mabawa yake ni mapana, yenye ncha za mviringo, na kwa sababu hiyo aweza kuruka polepole sana, kugeuka mahali pembamba, na kuinuka kutoka chini moja kwa moja bila kukimbia kwanza. Mkia wake wote umo ndani ya ngozi iliyounganisha miguu, na ncha yake imegawanyika pande mbili mfano wa herufi T. Katika wanyama wote wanyonyeshao, hapana wengine wenye mkia wa namna hii ila yeye na ndugu zake wa ukoo mmoja.

Neno hilo, wanyonyeshao, halina budi kukaziwa, kwa maana hadithi nyingi za kale husema ya kuwa popo ni ndege aliyekataliwa na ndege, au mnyama aliyekataliwa na wanyama. Hadithi hizo zachekesha, nazo ni nzuri kusimuliwa jioni. Katika elimu ya viumbe jambo ni wazi: popo ana manyoya ya mwili kama ya panya, wala hana nyoya moja la ndege, ana meno, huzaa mtoto aliye hai na kumnyonyesha. Bawa lake ni mkono. Ukilitazama juu ya mwanga utaona mifupa ya vidole, mirefu na myembamba, iliyotandazwa ngozi katikati, kama vijiti vya mwavuli.

Sasa tuje kwenye uwindaji wake. Zamani watu walidhani kwamba popo huona gizani kama paka. Mwaka 1793 padre mmoja wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alianza kulichunguza jambo hilo. Aliwaziba popo macho, akawaachilia katika chumba chenye vizuizi. Wakaruka wasiguse kitu. Mganga wa Geneva, Louis Jurine, akafanya kinyume: akawaziba masikio, akayaacha macho. Hapo popo walijigonga ovyo kutani. Wakatambua ya kuwa popo hujiongoza kwa masikio, lakini hawakuweza kueleza ni kwa namna gani, maana katika chumba kile hapakusikika sauti yo yote. Wakuu wengine wa elimu waliwacheka. Ikapita miaka kama 145. Mwaka 1938, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kijana mmoja, Donald Griffin, alipeleka popo mbele ya chombo kilichotengenezwa kusikia sauti nyembamba zipitazo uwezo wa sikio la mtu. Chombo kikalia. Popo walikuwa wakipiga kelele wakati wote, na watu walikuwa viziwi kwa kelele hizo!

Sikio la mtu husikia sauti yenye mitikisiko isiyozidi 20,000 kwa sekunde moja, nalo hupungua nguvu kadiri mtu anavyozeeka. Milio ya popo wa mfuo hupita mitikisiko 60,000. Mlio ukigonga ukuta, au shina la mti, hurudi kuwa mwangwi, na kwa mwangwi huo popo hujua kitu kiko wapi na umbali wake ni kiasi gani. Kila mtu aliyepata kusimama mbele ya mwamba na kuita amekwisha onja kidogo elimu hii.

Lakini hapa pana shida, nayo ndiyo inayomtenga popo wa mfuo na wenzake warukao juu. Mdudu arukaye angani yuko peke yake; nyuma yake hapana kitu, na mwangwi wake hurudi safi. Mdudu aliye chini amezungukwa na nyasi, mawe, majani makavu na madongoa, na kila kimoja cha vitu hivyo hurudisha mwangwi wake. Mtu akisimama katika maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Ufipa na Zambia, mahali maji yaangukapo zaidi ya meta 200, akaita kwa nguvu, jabali litamjibu. Je, kwa jibu hilo ataweza kujua mjusi amekaa wapi katika jabali? Hataweza. Kadhalika popo hawezi kwa mwangwi peke yake kumtenga nyenje mmoja na majani elfu.

Basi popo wa mfuo hufanya neno ambalo mwindaji hodari wa porini hulifanya: hunyamaza, akasikiliza. Milio yake mwenyewe ni ya chini sana, kama mtu anong'onaye, nayo humtosha kukwepa vijiti na nyasi. Masikio yale makubwa hufanya kazi nyingine. Nyenje akitembea juu ya jani kavu, miguu yake hukwaruza. Panzi akijigeuza katika bua, bua hutikisika. Mende akifukua udongo, punje za mchanga huviringika. Sauti hizo ni ndogo mno, nasi tungepita karibu tusizijue. Kwa popo huyu ni kama mtu apigaye hodi. Pengine huning'inia katika tawi la chini akingoja. Pengine huruka polepole shibiri chache juu ya ardhi, akikata njia huku na huku kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka. Akisikia mkwaruzo, hushuka juu yake mara moja, akamfunika mdudu kwa mabawa na ngozi ya mkia, akamng'ata, akainuka naye.

Kunong'ona huko kuna faida nyingine. Nondo wengi wana masikio, na masikio hayo husikia milio ya popo. Popo apigaye kelele kwa nguvu hujitangaza kama mtu aendaye kuwinda akipiga ngoma. Nondo hujiangusha majanini, akaokoka. Popo anong'onaye hukaribia sana kabla nondo hajapata habari.

Mawindo yake ni nyenje, panzi, nondo, mende na buibui. Hata nge huliwa. Huko Afrika ya Kusini na nchi jirani zake mabaki ya nge yameonekana chini ya makao ya popo hawa, naam, pamoja na ile mikia yenye sumu. Mnyama wa gramu 10 kumvamia nge si jambo dogo, na mtu aliyepata kuumwa na nge usiku, akakesha akilia, atakubali. Akikamata mdudu mkubwa, popo hamli chini. Humchukua mpaka kituo chake cha kulia: tawi, dari ya baraza, au ukingo wa paa la nyumba. Hapo huning'inia kichwa chini, akatafuna sehemu zenye nyama, na kuangusha mabawa na miguu migumu. Kituo hicho hukitumia usiku baada ya usiku.

Katika Afrika ya Mashariki wako popo wengine wa desturi kama hiyo, ingawa si wa ukoo wake. Katika nchi kavu za Kenya na kaskazini ya Tanzania yuko mmoja mwenye ngozi ya pua mfano wa moyo, jina lake Cardioderma cor. Huyo hushinda mchana katika mibuyu yenye mashimo, na usiku hukaa katika kichaka akisikiliza ardhi, kisha huwaangukia mende, tandu na nge. Ni mkubwa kuliko popo wa mfuo, naye ana desturi ya kuimba kwa sauti isikikayo na watu, ili wenzake wajue ya kuwa mahali pale pana mwenyewe. Mbali zaidi, katika visiwa vya New Zealand, yuko popo aliyezidi wote katika jambo hili, kwa kuwa hutembea. Hukunja mabawa yake kama mwavuli, akaenda kwa miguu na vifundo vya mikono juu ya majani ya msituni, akifukua wadudu kama panya. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu visiwa vile, kabla watu hawajafika, havikuwa na mnyama wa nchi kavu wa kumwinda. Watu walipoleta panya, na baadaye paka, mambo yakageuka. Popo hao walikuwa aina mbili. Ile kubwa ilionekana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1967, baada ya panya wa melini kuingia katika visiwa vyake vya mwisho. Kumbe atafutaye riziki yake chini hujiweka karibu na meno ya wengi.

Popo wa mfuo naye hushuka chini kwa kitambo kidogo tu, akaondoka. Hata hivyo paka, nyoka na bundi humpata.

Turudi Ufipa. Uwanda wa juu wa nchi ile una sifa moja ambayo kila mgeni huiona siku ya kwanza: miti ni michache. Mtu aweza kutazama vilima na mabonde ya nyasi mpaka macho yachoke, kisha aone miti michache tu mtoni, na msitu wa milima ya Mbizi kwa mbali. Kwa ng'ombe nchi hiyo ni nzuri. Kwa popo ni nchi iliyojaa chakula, kwa sababu nyasi zina panzi na nyenje wasiohesabika, lakini nyumba ni haba. Mahali penye miti mikubwa popo hulala katika mashimo ya miti. Pasipo na miti, hana budi kutafuta nyumba nyingine, nayo huipata katika mashimo yaliyochimbwa na muhanga kutafuta mchwa, kisha yakaachwa. Katika nyufa za miamba, kama ile ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaoshukia bonde la Ziwa Rukwa. Katika nyumba zilizohamwa. Na katika makalvati, yaani yale mabomba na mifereji ya saruji ipitayo chini ya barabara. Katika nchi ya Eswatini wataalamu wamewachunguza popo wa mfuo waliomo katika makalvati kwa miaka mingi, wakaona ya kuwa majike hushikamana na makao yao mwaka hata mwaka, na wawindapo hawaendi mbali nayo. Maana yake ni kwamba shimo moja likizibwa, popo wa mahali pale hawahamii tu shimo la pili kama mtu anayebadili kiti. Huenda pasiwe na shimo la pili.

Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Hubeba mimba muda wa miezi mitano hivi, na katika nchi zenye majira moja ya mvua mtoto huzaliwa karibu na mwanzo wa mvua, wadudu wanapoanza kuongezeka. Ufipa mvua huanza Novemba na kuisha Aprili. Mtoto hushikamana na kifua cha mamaye kwa siku za kwanza. Panya aweza kuzaa watoto sita au zaidi kwa mara moja, na kuzaa tena baada ya muda mfupi. Kwa hiyo panya wakiuawa leo, baada ya miezi michache wamejaa tena. Popo wakiuawa, pengo lao hukaa miaka.

Nao huuawa. Pengine ni vijana wachungao ng'ombe, wanaokuta shimo la muhanga, wakatia majani makavu mdomoni mwake, wakawasha moto ili kuona kitakachotoka. Moshi ukiingia, popo huanguka mmoja mmoja. Vijana hawapati nyama ya maana kwa kitendo hicho, wala manyoya, wala fedha. Pengine ni watu wazima, na hawa wana sababu yao, nayo ni hofu.

Jina la Sumbawanga lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, maana yake ni "tupa uchawi". Jina hilo ni la heshima, kwa maana lamwambia kila aingiaye mjini aache nje mambo ya giza. Lakini hofu ya uchawi haikutupwa yote, na popo wa mfuo ni mnyama aliyekutwa na bahati mbaya katika jambo hili. Hutoka katika mashimo ya ardhi. Huja usiku, kimya, tena chini chini, usawa wa magoti na kifua cha mtu. Huzunguka nyumba. Tena asubuhi mwenye nyumba hukuta barazani pake, mbele ya mlango kabisa, fungu dogo la mabawa yaliyokatwa, miguu ya wadudu, na labda mkia wa nge. Mtu aliyekwisha jaa hofu atasema nini? Atasema, "Yuko mtu aliyeniwekea kitu." Ataanza kufikiri ni nani, na mara nyingi fikira zake zitamwangukia jirani mzee, hasa mwanamke mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Kwa dhana za namna hii wazee wasio na kosa wameteswa katika nchi nyingi, na Tanzania ni mojawapo.

Tazama sasa jambo lile lile kwa macho ya elimu. Popo huzunguka nyumba kwa sababu taa huvuta nondo, na majani ya paa, kuni na takataka za jikoni huficha nyenje, mende na buibui. Huruka chini kwa sababu chakula chake kiko chini. Ni kimya kwa sababu mabawa yake ni mapana, na kwa sababu sauti yake yapita uwezo wa masikio yetu. Fungu la mabawa mlangoni ni makombo ya chakula chake. Ukingo wa paa ni meza yake. Kuhusu damu, ambayo watu wengine humsingizia, popo wanywao damu ni aina 3 tu duniani, na wote wako Amerika.

Mkulima wa Ufipa ana haki ya kuuliza zaidi: je, mnyama huyu ananifaa nini? Wafipa tangu zamani wana namna yao ya kulima ipasayo nchi isiyo na miti. Hukata nyasi pamoja na udongo wake, wakafanya matuta ya mviringo yaitwayo intumba. Nyasi zilizofukiwa huoza ndani na kuwa mbolea, na humo hupandwa maharagwe, ulezi au mahindi. Ni kilimo cha akili, na wageni wengi wa elimu ya mashamba wamekisifu. Nyenje nao hupenda udongo uliolegea wenye nyasi zinazooza. Mche mchanga ukichomoza, nyenje huukata usiku karibu na udongo, na asubuhi mkulima huona umelala kama uliokatwa kwa wembe. Mbayuwayu hawezi kumsaidia hapo, kwa kuwa yeye huwinda mchana na angani. Kuku amelala. Popo wa juu hamwoni nyenje aliye chini. Popo wa mfuo ndiye apitaye juu ya matuta saa zile zile nyenje watembeapo, akiwasikia miguu.

Haifai, hata hivyo, kumpenda mnyama bila akili. Popo, kama mbwa na wanyama wengine, waweza kuwa na magonjwa. Popo aliyeanguka chini mchana asiokotwe kwa mkono mtupu, maana popo mgonjwa huuma, na mtu akiumwa apelekwe hospitali siku ile ile. Watoto wasiingie mapangoni. Ugonjwa wa Marburg, uliotokea mkoani Kagera mwezi Machi wa 2023, tena mwanzo wa mwaka 2025, hukaa katika popo wa aina nyingine, alaye matunda na kulala mapangoni kwa maelfu.

Wako wanaosema, "Basi tuwaue wote, tupone." Jambo hilo limekwisha jaribiwa. Katika mgodi wa Kitaka, magharibi ya Uganda, wachimbaji waliugua Marburg mwaka 2007. Baadaye watu wakawaua popo wa mgodi ule karibu wote. Popo wengine wakaja kidogo kidogo, wakajaa mahali palipoachwa wazi. Wataalamu walipowapima mwaka 2012 waliona jambo la kutisha: zamani katika kila popo 100 wenye ugonjwa walikuwa kama 5, sasa walikuwa kama 13. Na mwaka ule ule ugonjwa ukazuka tena kwa watu wa wilaya ya Ibanda, karibu na pale. Watu waliokaa mbali na pango walikuwa salama kuliko waliokwenda kuliteketeza.

Mwanafunzi atakaye kumjua popo wa mfuo hana haja ya kumshika. Achague jioni isiyo na upepo, katika mwezi wa Desemba au Januari mvua inapokatika, akae pamoja na mtu mzima hatua kumi na tano mbali na kalvati au shimo la muhanga, bila taa na bila maneno. Mwanga wa mwisho ukiisha magharibi, atazame karibu na ardhi, maana juu hatamwona. Na asubuhi, kabla baraza halijafagiwa, aangalie chini ya ukingo wa paa. Akikuta makombo, ayatenge kwa kijiti, ahesabu, na kuandika katika daftari tarehe na idadi. Mguu wa nyuma wa nyenje hutambulika kwa paja lake nene na miiba midogo iliyopangwa kama meno ya msumeno. Bawa la panzi ni refu na jembamba, lenye mishipa. Na bawa la nondo huacha unga katika ncha ya kijiti.